Metasafesi za terahezi: swichi ipo, ila tunaipima kwa kigezo kimoja tu

Wanaofuatilia mambo ya terahezi hawaishi kubishana kuhusu hizi metasafesi za kuwasha na kuzima, yaani nyuso nyembamba za kuyaziba au kuyapitisha mawimbi hayo, wengine wanasema ndo zitabeba 6G, kizazi kijacho cha mtandao wa simu, wengine wanasema ni za kuandikia machapisho ya vyuoni basi. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, ila zinabishania matumizi yasiyo sahihi.

Kwa ambaye ni mgeni, terahezi ni mawimbi yaliyopo kati ya maikrowevu na infraredi, kuanzia 0.1 hadi 10 THz hivi, na wimbi la 1 THz lina urefu wa milimita 0.3. Ukitaka kuyaziba au kuyageuza kwa haraka, vitu vya kawaida havikusaidii sana. Kwa hiyo watu wanachora vipete vya dhahabu vyenye mwanya, kila kimoja makumi ya mikromita tu, wanavipanga kwa maelfu juu ya semikondakta, huo uso ndo metasafesi, na kila kipete kinaitikia frikwensi yake. Ukibadilisha hali ya pale kwenye mwanya umebadilisha uso mzima.

Mwaka 2006 Hou-Tong Chen, Willie Padilla na wenzao walionyesha hilo kwa umeme, kwenye semikondakta ya galiamu asenaidi. Bila volti, elektroni za kwenye semikondakta zinapiga shoti ule mwanya na kipete kinakuwa kama hakipo, ukiweka volti 16 hivi elektroni zinasukumwa pembeni, kipete kinaanza kufanya kazi na mwanga wa frikwensi ile (yaani wimbi la terahezi) unazibwa. Mabadiliko yalifika karibu asilimia 50. Kwa volti 16 tu! Hakuna mota, hakuna kinachozunguka, ndo maana wanaoamini wanaamini.

Sasa upande wa pili. Miaka imepita na kila chapisho linajisifia tofauti kati ya kuwasha na kuzima, ila ukiuliza kwenye "kuwasha" mwanga kiasi gani umepotelea humo humo ndani, mara nyingi majibu hayapendezi. Ni kama dirisha lenye kioo kichafu, hata ukifungua pazia lote chumba bado giza.

Chukua vitu vingine vinavyotumika kugeuza uso. Vanadiamu dayoksaidi inapendwa sana, ikifika nyuzi 68 hivi inageuka kutoka kihami kuwa kama chuma, jambo linalojulikana tangu 1959, na tofauti yake ni kubwa kweli. Lakini lazima uipashe moto na uendelee kuipasha, ukiacha inarudi ilikotoka, tena inarudi kwenye joto la chini kidogo kuliko lile la kwendea, kwa hiyo kuidhibiti ni kazi. Bandika paneli ya hivyo ukutani kwenye jua la Dar uone itakavyosumbua. Grafini ina kasi na inatumia volti, ila ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, peke yake inagusa mwanga kidogo. Fuwele za kimiminika kama za kwenye TV zinahitaji tabaka nene kwa sababu wimbi lenyewe ni refu, na tabaka nene linageuka polepole.

Kwenye 6G mimi ndo nasita. Ni kweli mkutano wa dunia wa kugawa masafa ya redio, WRC-19, pale Sharm el-Sheikh ulitenga jumla ya 137 GHz kati ya 275 na 450 GHz kwa mawasiliano, nafasi ipo. Ila paneli ya metasafesi ya kuakisi ishara inalipa hasara mara mbili, kutoka mnara hadi paneli halafu paneli hadi kwako, na kufidia hilo unahitaji vipete vingi mno, kila kimoja na waya wake wa kuamrishwa.

Kupiga picha kwa terahezi ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2014 kundi la Padilla lilitumia metasafesi ya pikseli 64, 8 kwa 8, na kipokezi kimoja tu. Uso unabadilisha ruwaza, kipokezi kinasoma jumla, kompyuta inaunda picha. Hapo huhitaji kuzima kikamilifu, unahitaji ruwaza zitofautiane vya kutosha na ujue zinatofautiana kiasi gani, yaani ule udhaifu wa kubadilisha karibu 50% tu unavumilika kwa hesabu. Na kamera yenye kipokezi kwa kila pikseli kwenye terahezi ni ghali balaa, kwa hiyo faida inaonekana leo leo. Kazi iliyobaki ni kutoka 64 kwenda maelfu bila waya kujaa kila mahali, na kwa maoni yangu pesa za utafiti ziende huko kwanza, 6G isubiri.