Nusu saa haingetosha

Mwandishi wa makala moja kuhusu urushaji wa roketi amewahurumia mno wale waliojazana Titusville, Florida, mji ulio karibu na eneo la kurushia, Mei 27, 2020, wakaondoka bila kuona kitu baada ya safari ya wanaanga wawili kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, zikiwa zimebaki dakika 17 hivi. Anauliza kwa nini NASA, shirika la anga la Marekani, na kampuni ya roketi ya SpaceX wasingesubiri nusu saa mawingu yapite. Haiwezekani, ndugu. Kituo hicho kinaizunguka Dunia kwa njia yake, na Dunia nayo inajizungusha chini ya njia hiyo. Roketi lazima iruke pale eneo la kurushia linapopita chini ya njia hiyo. Ukichelewa, gari limekuacha. Isitoshe, Falcon 9, roketi ya SpaceX, hutumia oksijeni iliyopoozwa kupita kiasi, ambayo ikikaa kwenye tangi inaanza kupata joto.

Wengi walirudi Mei 30 (ingawa NASA iliwaomba watu wabaki nyumbani kwa ajili ya korona) na wakaona Bob Behnken na Doug Hurley wakirushwa, wanaanga wa kwanza kwenda kwenye mzingo (njia ya kuizunguka Dunia) kutoka ardhi ya Marekani tangu Julai 2011.

Na hapa ndipo makala imepunja. Ukiwa Titusville unaona moto kwanza, roketi inapanda kimya kabisa, halafu mngurumo unakufikia karibu dakika nzima baadaye, maana sauti inasafiri kama kilomita 20. Kwenye televisheni hulipati hilo, kwa sababu vinasa sauti vipo karibu na roketi.