Nywila peke yake haitoshi
Eti nywila ngumu inatosha kulinda pampu za maji zinazopeana taarifa zenyewe kwa mtandao? Hapana. Nimefunga vihisi vya matangi vijiji vya nje ya Dodoma. Siku moja boya la kupima maji tangini lilinasa juu kwenye waya, kipimo kikasoma tangi limejaa, pampu tatu zikazima, ndoo zikapanga foleni hadi saa nne. Na hapo hakuna mdukuzi, ni boya tu! Na mdukuzi akiwepo? Stuxnet, programu hasidi ya kompyuta iliyogunduliwa 2010, iliwaonyesha waendeshaji wa kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz kule Iran namba za kawaida huku mitambo ikiharibika. Afadhali kila pampu iikatae taarifa ya pampu jirani iliyopanda au kushuka mno kuliko za wenzake. Ila majirani wakiwa wawili tu, mwongo mtamjuaje?