Elimu ni Bure, Leta Rimu

Waliosema hisabati haina kazi maishani hawajawahi kukaa chini na barua ya kufungua shule. Ile karatasi iliyokunjwa mara nne, ikalala kwenye mfuko wa kaptura tangu Ijumaa, ina hesabu za kumtoa mtu jasho. Juu imeandikwa kwamba elimu ni bure. Chini imeandikwa: leta.

Tuanze na wadogo. Mtoto wa shule ya msingi ya umma hapa Kenya ametengewa shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365 upate shilingi 3 na senti 89 kwa siku. Humo toa chaki, karatasi za mtihani, stima, maji, mlango wa choo uliong'oka bawaba, na mshahara wa bawabu. Huyo bawabu analinda nini hasa sielewi, maana kilichobaki cha kuibwa ni kengele, nayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. (Shika hilo neno rimu, tutalirudia.)

Kwa wakubwa ndiko maigizo yalikojaa. Mpango wa sekondari za kutwa ulianza 2008 kwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi, na kufikia 2018 mgao ukawa 22,244. Tukapiga vigelegele. Kumbe 22,244 ni kama umri wa bibi harusi, unatajwa lakini hauulizwi. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi akaiambia kamati ya bunge waziwazi kwamba serikali haina uwezo huo, na kinachopatikana ni kama 16,900. Tofauti ni 5,344. Shule ya wanafunzi 500 ina shimo la shilingi 2,672,000, na shimo la namna hiyo halifukiwi kwa maombi ya Ijumaa asubuhi gwarideni.

Na hizo zilizobaki haziji kwa mkupuo. Muhula wa kwanza asilimia 50, wa pili 30, wa tatu 20. Ukiiangalia haraka unaona watu wamepanga. Sasa kumbuka mwaka wa shule unaanza Januari, lakini mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Maana yake asilimia 80 ya pesa za mtoto inadaiwa Hazina kati ya Januari na Juni, wakati bajeti iliyosomwa mwaka uliopita imeshaliwa nyama na sasa wanagombania mchuzi. Hapo ndipo huletwa bajeti ya nyongeza, ambayo licha ya jina lake haijawahi kuona haya kupunguza. Mwalimu mkuu anafungua shule na deni la mwenye duka la vifaa, anafunga shule na deni la mwenye mahindi, na simu yake haipatikani katikati.

Kuna na ujanja wa kuhesabu watoto. Pesa hufuata mtoto aliyeandikishwa kwenye mtambo wa serikali wa kuhesabu wanafunzi, na ule mtambo ulioitwa NEMIS ulitaka namba ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti anaonekana kwa macho, anavunja dirisha, anamaliza chaki, ila kwa serikali huyo ni hewa. Shule ya 500 ikiwa na 40 wasio na cheti inalipwa kwa 460. Hata kwa ule mgao uliokatwa, hizo ni shilingi 676,000 zilizopotea, na wale 40 hawatasomea nje ya dirisha. Kwa hiyo mzazi, kagua cheti mapema, na kagua herufi. Jina likiwa na H kwenye cheti na halina H shuleni, umezaa watoto wawili, na hakuna anayelipiwa.

Sasa rimu. Rimu moja ina karatasi 500, na kila mtoto huambiwa alete moja kila muhula. Tufanye masomo 9, mtihani wa kila somo uwe karatasi mbili zilizochapwa pande zote, na mitihani iwe mitatu kwa muhula. Mtoto ametumia karatasi 54. Zilizobaki 446 zimekwenda wapi? Sisemi zimeibwa, nina watoto pale. Ninachosema ni kwamba rimu siku hizi ni sarafu. Inaingia ofisini karatasi, inatoka wino wa mashine, inatoka fundi wa tanki lililopasuka, inatoka nauli ya timu ya voliboli. Pengo la Hazina limepanda basi, limevaa sare, limekuja kulala kwako.

Sheria ipo, usidhani haipo. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinasema shule ya umma isitoze karo ya masomo. Michango mingine ni hadi Waziri aidhinishe kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, mtoto asinyimwe kuingia shule kwa kukosa kuilipa, na anayekusanya atoe risiti rasmi. Nenda ukaitaje ofisini. Utaambiwa mtoto hajafukuzwa hata kidogo, ametumwa tu nyumbani akamkumbushe mzazi. Wiki nzima anamkumbusha. Dai risiti hata ya shilingi 50, na uulize mkutano gani wa wazazi ulipitisha mchango huo na kumbukumbu zake ziko wapi. Utachukiwa, lakini kwa adabu.

Jikoni nako. Kipimo kilichozoeleka cha chakula cha mchana shuleni ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde au maharagwe, gramu 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi kwa mtoto. Kwa watoto 500 hiyo ni kilo 75 za mahindi na kilo 20 za maharagwe kila siku. Gunia la kilo 90 la mahindi ni sahani 600, basi. Mgao ukipunguzwa hakuna atakayetangaza kwamba chakula kimepungua. Kinachopunguzwa ni kijiko. Gramu 150 zinakuwa 100, gunia linafika sahani 900, na kwenye ripoti watoto waliokula wameongezeka! Maharagwe nayo yakikaa ghalani kwenye joto na unyevu yakingoja usafiri, yanakuwa kokoto: unayaloweka usiku kucha, unayachemsha kwa muda wa saa nne, bado yanagonga sufuria. Yanakula kuni mara mbili, na kuni hazimo kwenye mgao, ni za mzazi. Maji ya mzazi. Mpishi wa mzazi. Chakula cha bure kimebaki na kitu kimoja cha bure, nacho ni moshi. Ukitaka kujua jiko limezima usiulize mtu, angalia rejista: asubuhi darasa limejaa, baada ya chakula ambacho hakikuwepo viti vinatazamana.

Visodo (wanaume msigeuze nyuso, hii nayo ni bajeti). Sheria ya 2017 inaahidi kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma visodo vya bure vya kutosha. Vya kutosha ni vingapi? Siku 5, visodo 4 kwa siku, ni 20 kwa mwezi. Pakiti ya 8 ni siku mbili. Akipewa pakiti moja tu kwa mwezi, amefadhiliwa hadi Jumanne. Siku tatu zilizobaki kila mwezi anakaa nyumbani, na kwa muhula wa miezi mitatu ni siku 9 za masomo, halafu mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hana bidii.

Barua ya muhula ujao imeshafika. Tishu 4, ufagio 1, fyekeo 1, mchango wa motisha ya walimu, na rimu 1. Haikusema ya karatasi au ya lori. Nimeanza kuuliza kwa mafundi wa gereji, maana kwa hali ilivyo huenda hata ile kengele imeshauzwa.