Je, Wageni Waruhusiwe Kuingia Ndani ya Majengo ya Pripyat?

Mji wa Pripyat, kaskazini mwa Ukraine, ulianza kujengwa mwaka 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Chernobyl, na ukahamwa na watu wake wote katika siku moja. Kinu namba 4 kililipuka usiku wa kuamkia Aprili 26, 1986. Siku iliyofuata, kuanzia saa nane mchana, wakazi wapatao 49,000 walipandishwa mabasi wakiwa na vitambulisho na chakula kidogo, kwa kuwa walikuwa wametangaziwa kwamba wanaondoka kwa muda tu. Hawakurudi tena kuishi humo. Baada ya serikali kuruhusu utalii rasmi mwaka 2011, kanuni za eneo hilo zimekuwa zikimtaka mgeni asiingie ndani ya jengo lolote. Hata hivyo picha za madarasa, wodi na vyumba vya kulala vya mji huo zimeenea kote, na kila picha ina mtu aliyeingia kuipiga.

Wanaotaka milango iachwe wazi wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Anayetazama kutoka barabarani siku hizi huona msitu kuliko mji, kwa sababu miti imeota hadi kwenye viwanja vya michezo na kuziba kuta za maghorofa. Mji wenyewe umebaki ndani: vitanda vya chuma vya chekechea vilivyopangwa kwa kimo cha mtoto wa miaka minne, madaftari yaliyovimba kwa unyevu, bwawa la kuogelea ambalo wafanyakazi wa kusafisha eneo baada ya ajali waliendelea kulitumia hadi miaka ya 1990. Mtu aliyezaliwa baada ya 1986 anaweza kusoma idadi ya waliohamishwa mara kumi bila kuitambua hasara ambayo chumba kimoja cha namna hiyo humwonyesha mara moja. Wapo pia wakazi wa zamani wanaorudi kusimama katika nyumba zao wenyewe, na marufuku isiyobagua huwafungia wao pamoja na watalii.

Upande wa pili huanza kwa kutaja mnururisho, yaani mionzi ya nyuklia, na hapo mjadala huelekea kupotoka. Sesiamu-137, mojawapo ya vitu vyenye mionzi vilivyosambaa katika ajali hiyo, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo anayefuata njia zilizosafishwa kwa siku moja hupata kiasi kidogo, ambacho mara nyingi hulinganishwa na kile cha safari ndefu ya ndege. Hatari iko mahali maalumu: kwenye ukoka na kuvu la ardhini, kwenye vumbi linalovutwa pumzi, na zaidi ya kote katika chumba cha chini cha hospitali namba 126, ambako nguo za wazima moto wa usiku ule zilitupwa na bado zipo. Tishio la kawaida zaidi ni majengo yenyewe. Mapaa yanavuja, maji huganda ndani ya kuta kila majira ya baridi na kuzipasua, na mwaka 2005 sehemu ya Shule Namba 1 iliporomoka.

Kwangu mimi, lakini, hoja nzito kuliko zote dhidi ya kuingia ni nyingine kabisa: wageni wamekuwa wakiubadilisha ushahidi. Mfano unaojulikana ni rundo la vinyago vya kujikinga na gesi katika Shule Namba 3. Wengi hudhani watoto walivivaa siku ya ajali, ilhali vilikuwa akiba ya mafunzo ya ulinzi wa raia, vikatawanywa sakafuni baadaye. Kadhalika wanasesere waliokalishwa kwenye vitanda na kuvishwa vinyago, nyuso zikielekezwa dirishani penye mwanga mzuri: hakuna mtoto aliyewaacha hivyo. Mpiga picha mmoja hupanga, anayefuata huamini, na mtazamaji wa mbali hupokea msiba uliotungwa badala ya ule uliotokea. Naliona hili kuwa ni kuwadhulumu waliohamishwa, maana wengi wao wangali hai na wanajua chumba kilivyokuwa.

Ni haki kuongeza kwamba si watalii walioanza. Waporaji walikwisha kung'oa mabomba na vyuma vya kupashia joto ili kuviuza kama vyuma chakavu, na wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa kila kitu kitaanguka, heri watu waone mapema. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama njia zingekuwa mbili tu, kufunga au kuacha. Japani imeonyesha ya tatu. Shule ya msingi ya Ukedo, katika mji wa Namie uliohamishwa baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, ilipigwa na tsunami, lakini wanafunzi waliokuwapo walikimbilia mlimani na wote wakanusurika. Tangu 2021 jengo hilo hupokea wageni kama kumbukumbu ya maafa: njia ya kupita imewekwa, na uharibifu umeachwa kama maji yalivyouacha. Mgeni huona ndani ya jengo, lakini hagusi kitu.

Pripyat ni mji mzima, si shule moja, na kuimarisha kila ghorofa haiwezekani. Ndiyo maana naunga mkono kufungua majengo machache yaliyokaguliwa na wahandisi, huku mengine yakibaki marufuku kweli kweli, pamoja na kibali cha pekee kwa mkazi anayetaka kufika kwenye nyumba yake. Tangu majeshi ya Urusi yalipoingia eneo hilo Februari 2022 utalii umesimama, na hata baada ya kuondoka kwao mwishoni mwa Machi kumebaki mabomu ya ardhini ya kuteguliwa. Kabla mgeni wa kwanza hajarudi, wakazi wa zamani waulizwe vyumba vipi vionyeshwe na vitu gani viondolewe kwa sababu havikuwahi kuwa vyao, nao waulizwe sasa, wangali na kumbukumbu ya kujibu.