Kupanda ndege kwenda kusomea majani

Siku nawaambia nyumbani nimepata skolashipu ya masta Edinburgh, Scotland, mjomba wangu wa Muheza akauliza naenda kusomea nini, nikamjibu uainishaji wa mimea, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Yani mwanangu unapanda ndege kwenda kusoma majani? Si uje twende Amani, huku juu milimani Usambara, nikuoneshe bure?"

Sikua na jibu. Sa hivi ninalo ila silipendi.

Jibu ni kwamba majani yenyewe yapo kule. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani 1902, wakakusanya mimea haswa, na mengi yakaishia Berlin, halafu Machi 1943 kwenye vita mabomu yakaangukia hebariamu ya Berlin, yani ghala la mimea iliyokaushwa na kutunzwa kwenye makabati, ikaungua pamoja na taipu kibao za kwetu. Taipu, kwa asiyejua, ni lile jani kavu kwenye karatasi ambalo jina la spishi limefungwa nalo, mkibishana kama mmea huu ndo ule mnarudi kulitazama lenyewe. Na zile zilizosalimika usifikiri ziko Tanga, nyingi ziko Ulaya, nyingine Nairobi. Hata ule mfululizo wa vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, spishi zaidi ya 12,000, ulianza kutoka 1952 ukamalizika 2012, na uliratibiwa kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza.

Chukua lile ua la zambarau la Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimtumia baba yake Ujerumani, mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Wendland akaliita Saintpaulia, leo Ulaya linauzwa kwenye vikopo madukani kama mchicha. Afu mwaka 2015 wataalamu wa bustani ya mimea ya Edinburgh, baada ya kuangalia DNA, wakaliingiza kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Streptocarpus, Saintpaulia ikaacha kua jenasi. Mimi mtu wa Tanga hiyo habari nimeipatia Scotland, darasani, nje mvua inanyesha kama haina kwao!

Kuna wanaosema sku hizi kila kitu kimeskaniwa, ya nini kusafiri. Mi nakataa. Hayo maua kwa miaka mingi yalitofautishwa kwa vinywele vya kwenye jani, sasa picha utaigeuzaje uone upande wa chini? Kwaiyo mdogo wangu ukipata nafasi nenda, ila usikimbizane na cheti tu, shinda kwenye makabati na lenzi yako mpaka wakufukuze wafunge. (Beba na sweta mbili, usidanganyike na picha za kiangazi.) Kinachoniudhi mimi ni kwamba ukirudi unaambiwa hakuna ajira ya hiyo fani, na hebariamu za kwetu hela ya kununulia hata makabati ni shida, alafu tunashangaa kwanini kila mwanafunzi wetu anaomba viza kwenda kutazama mmea wa kijijini kwao.

Niliporudi nikamuonesha mjomba picha ya lile ua kwenye simu. Akaitazama weee, akasema, "Haya si yalikua kwenye mawe pale mtoni kwa babu yako? Walivyokata ile miti ya kivuli tu, yakaisha."

Nikamuuliza ilikua mwaka gani, nikatoa daftari.