Ukuta Wake Usitobolewe, Mwanangu Je?

Dalali aliponionyesha hii nyumba ya Tabata alizisifia ngazi kuliko hata choo. "Bosi, cheki vyuma hivyo, vina maua!" Kweli vina maua. Wakati huo binti yangu alikuwa bado wa kukaa pale unapomweka, basi nikatoa kodi ya miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, nikahamia ghorofani.

Sasa kaanza kutambaa. Midoli ipo, zulia lipo, yeye haoni kitu ila ngazi za nje. Funga mlango, utasema. Funga wewe, na joto hili la Januari na umeme umekatika.

Na yale maua, kumbe ni ngazi nyingine! Vyuma vyote vimelala, kimoja juu ya kingine, mtoto anakanyaga ua la kwanza, anashika la tatu, huyooo. Vingesimama wima asingekuwa na pa kukanyaga. Lakini vya wima havina madoido, na nyumba mjini hujengwa ili wageni waisifie.

Nafasi ya chuma na chuma nayo ni balaa. Waingereza kwenye kanuni zao za ujenzi wanataka tufe la milimita 100 lisipite, maana mtoto akishapitisha kiwiliwili, kichwa hunasa. Tufe mimi nitalitoa wapi? Nikamwita kijana wa madafu, nikachagua dafu dogo, nikalisukuma. Likapita bila hata kugusa rangi, likashuka pu, pu, pu, mpaka kwenye beseni la dagaa la mama wa chini. Dagaa nimelipa, dafu nimelinywa, tatizo liko palepale.

Nikampigia mwenye nyumba. Shikamoo mzee, naomba nitoboe matundu manne tu, nifunge kigeti juu ya ngazi.

"Marahaba. Ukuta wangu usitobolewe. Soma mkataba."

Mzee, kuna mtoto.

"Mwambie aache."

Ana miezi kumi!

"Ndiyo umri wa kuanza kufundishwa."

Kariakoo nikaonyeshwa geti la kubana, halina haja ya skrubu. Kwenye boksi wameandika wazi: lisifungwe juu ya ngazi. Ukilisukuma sawasawa linaachia, na lile bomba lake la chini litakukwaza wewe mtu mzima mwenye ndoo ya maji mkononi. Nikamsomea muuzaji. Akaniambia, "Kaka, hayo wanaandikaga tu."

Mama wa mtoto akaja na wazo la wavu wa kuvulia samaki. Tukauzungushia vyuma vyote, tukakaa pembeni tunajipongeza. Mtoto akaukagua, akausukuma, akaulamba, kisha akagundua kwamba kidole gumba cha mguu kinaenea vizuri kabisa kwenye tundu la wavu. Akapanda haraka kuliko mwanzo.

Aliyetuokoa ni fundi wa kuchomelea wa mtaani. Kaunda kigeti cha skwea paipu kinachobanwa na bolti kwenye vyuma vyenyewe, kinafungukia upande wetu, komeo liko kwa nje. Maua tumeyafunika na plaiwudi iliyofungwa kwa waya. Sura ya nyumba imekuwa kama banda la kuku, lakini kuku wetu hatoki.

Juzi mwenye nyumba kaja. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akalitikisa geti, akalifungua, akalifunga, akachungulia ukuta wake kwa miwani, hakuna tundu. Akatabasamu.

"Hapa umefanya la maana. Ukihama unaliacha hapahapa, limeshakuwa la nyumba."

Nikasema sawa mzee, basi nikate gharama kwenye kodi. Akacheka mpaka akalishikilia geti lenyewe asianguke. Akanieleza kwamba nyumba yenye usalama wa watoto siku hizi inatafutwa sana, hivyo mkataba ukiisha itabidi tuzungumze bei upya. Akanipiga bega, akashuka zake.

Geti kaliacha wazi.