Bastola yenye miaka miwili

Juu ya chemba, pale risasi inapokaa, ya baadhi ya bastola za Kijerumani za Luger imegongwa miaka miwili, mmoja juu ya mwingine. 1917 na 1920, kwa mfano. Wa kwanza ni mwaka bastola ilipotoka kiwandani, Ujerumani ikiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wa pili hauhusiani na utengenezaji hata kidogo. Baada ya kushindwa, jeshi la Ujerumani lilibanwa na Mkataba wa Versailles lisizidi watu 100,000, na silaha zilizobaki mikononi mwa serikali zikagongwa 1920 zijulikane kuwa ni mali yake. Mkusanyaji wa silaha za kale akiiona hiyo 1920 hashtuki. Wengine hata huitafuta.

Mpe sasa Luger nyingine, ya 1917 vilevile, yenye alama ya X ubavuni. Uso unabadilika. X hiyo mara nyingi husema kwamba bastola ilitekwa na Wasovieti katika Vita vya Pili vya Dunia, ikafanyiwa matengenezo kwao, kisha ikawekwa ghalani. Bei inashuka hapohapo. Lakini bastola zote mbili zimepitiwa na mkono wa jeshi baada ya kutoka kiwandani. Kwa nini moja iitwe historia na nyingine iitwe uharibifu?

Wapo wasioona ugumu wowote hapa. Kwao bastola halisi ni ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, na kila kilichoongezwa au kuondolewa baadaye ni hasara. Luger inawapendelea sana watu hawa, kwa sababu Wajerumani waliigonga namba karibu kila mahali. Namba kamili iko kwenye mtutu, kwenye fremu na kwenye sehemu ya juu inayoubeba mtutu. Vipande vidogo navyo, hadi kifyatuo na kitufe cha usalama, vina tarakimu mbili za mwisho za namba hiyohiyo. Ukiwa na kioo cha kukuzia na subira, unaweza kuivua bastola kipande kwa kipande na kujua kama imekaa na ndugu zake tangu mwanzo. Kipande kimoja kikiwa mgeni, bei inapungua. Magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingizwa kwenye mshikio, ikiwa na namba ileile ya bastola, bei inapanda, maana magazini ndizo zilizokuwa za kwanza kubadilishana wenyewe.

Hoja yao ina nguvu moja kubwa: inapimika. Watu wawili wasiopendana wataisoma namba ileile.

Ila namba ni mikwaju ya nyundo tu, na nyundo hazikuisha mwaka 1918. Mtu mwenye seti ya vyuma vya kugongea anaweza kufuta tarakimu mbili na kugonga mbili nyingine, na bastola iliyokusanywa kutoka maiti nne za bastola ikageuka familia moja. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi nikiona Luger ambayo kila kipande chake kinakubaliana na mwenzake bila kosa hata moja, ndipo ninapoanza kuichunguza. Wamarekani nao wana mtego wao: kampuni ya vyerehani ya Singer ilitengeneza bastola 500 tu za aina ya 1911A1 kwa ajili ya jeshi mwaka 1941, na uchache huo umewavuta waghushi kuliko bastola nyingine nyingi za aina hiyo.

Kwa hiyo mchambuzi mzuri huanza na rangi. Weusi wenye ubuluu unaouona kwenye Luger ya 1917 haukupakwa. Ni chuma chenyewe kilichoachwa kishike kutu nyembamba, kikachemshwa, kikasuguliwa, na kazi hiyo ikarudiwa tena na tena. Njia hiyo huacha ushahidi ambao waghushi wengi hawaujui au hawana muda nao. Ncha ya mtutu ilibaki nyeupe. Ndani ya fremu, pale magazini inapoingia, palibaki peupe. Vipande kadhaa vidogo, kifyatuo kikiwamo, vilipashwa moto hadi vikapata rangi ya manjano kama majani makavu. Karakana za baadaye zilitumia njia nyingine, ya kutumbukiza chuma kwenye chumvi zinazochemka, na chumvi hazichagui: ndani mweusi, nchani mweusi, kifyatuo cheusi. Ukikuta Luger ya 1917 yenye mng'ao mmoja kuanzia nje hadi shimo la magazini, huna haja ya kusoma namba.

Hata aliyekumbuka kuacha ndani peupe bado ana shida na msasa. Namba ikigongwa, chuma husukumwa pembeni na ukingo mwembamba huinuka kuzunguka tarakimu. Kabla ya kupewa rangi upya, bastola husuguliwa, na ukingo huo ndio unaokwenda kwanza. Kisha kona kali hulegea, na midomo ya matundu ya pini huzama kama sahani. Weusi ulio ndani ya vishimo vya kutu ni ungamo tosha, kwani kutu ingekuwa imeila rangi ya zamani kabla haijachimba shimo.

Upande wa pili wa ugomvi hauzungumzii vipande. Unasema bastola haikutengenezwa ikae kwenye sanduku la kioo, na thamani yake ni maisha iliyoyaishi. Ushahidi wao mzuri ni wa Marekani. Agosti 2021, jumba la mnada la Bonhams liliuza Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881, kwa zaidi ya dola milioni 6. Kama chuma ni Colt ya kawaida ya wakati wake, na hakuna aliyelipa fedha hizo kwa sababu ya rangi yake. Walichonunua ni mnyororo wa karatasi, ikiwamo kumbukumbu ya mjane wa Garrett kwenda mahakamani kuidai. Hakuna cheti kinachozidi kesi: pande mbili zimegombea kitu kilekile mbele ya hakimu, na kila neno limeandikwa.

Mnyororo kama huo ni nadra mno. Kilicho kingi ni hadithi ya babu aliyemnyang'anya jenerali bastola yake. Hata barua zinazotolewa kutoka kwenye kumbukumbu za Colt, ambazo hueleza bastola ilitoka na mtutu wa urefu gani na ilipelekwa kwa nani, zinathibitisha kwamba bastola yenye namba hiyo iliwahi kuwapo. Haziwezi kuthibitisha kwamba ni hiyo uliyoishika. Hadithi isiyo na karatasi naihesabu sifuri, hata kama msimuliaji ni mtu mwema.

Turudi kwenye 1920 na X. Nadhani wakusanyaji wako sahihi kuzitofautisha, ila sababu wanayoitoa, kwamba moja ni kazi ya Wajerumani wenyewe na nyingine ya adui, ni mbovu. Tofauti ni nini kilichobaki cha kusomwa. Aliyegonga 1920 aliongeza sentensi chini ya sentensi, na ya kwanza bado inasomeka. Karakana ya Wasovieti ilivunja bastola, ikachanganya vipande, ikavitumbukiza vyote kwenye chumvi, na alama nyingi za mwanzo zikapotea au zikafifia. X pekee ndiyo inayokiri yaliyofanyika. Ningeiheshimu zaidi X hiyo kuliko bastola iliyosuguliwa juzi na mfanyabiashara ambayo haikiri lolote.

Isitoshe, kwa mwenye leseni anayetaka kuipiga, hiyo yenye X ndiyo bastola ya akili. Kiondoa ganda cha Luger kinaweza kuvunjika, nacho kina namba. Kikivunjika kwenye bastola ambayo namba zake zote zinalingana, umeharibu kwa risasi moja kitu kilichovumilia vita viwili.

Kipimo changu kinanibana mahali pamoja. Wapo mafundi wachache wanaorudisha rangi ya zamani kwa njia ya zamani: kutu, maji ya moto, brashi, siku nyingi za kazi, ndani wakipaacha peupe na kifyatuo wakikipasha hadi manjano. Kazi yao ni nzuri kiasi cha kutisha. Kama halisi ni kile kinachosomeka, basi fundi bora kuliko wote ndiye mwongo mkubwa kuliko wote, na kumwita hivyo ni kumdhulumu, kwa sababu huenda bastola aliyoletewa ilikuwa imekwisha kuliwa na kutu. Ningemwomba jambo moja tu. Akimaliza, afungue mshikio, na pale chini ya mbao, mahali pasipoonekana, agonge mwaka wake.